Matunda ya Uani na Siha ya Watu wa Nyumbani

Si jambo nadra katika mitaa yetu ya mwambao, tangu Tanga hata Lamu, kuona mapera yameiva mtini mpaka yakaanguka na kuoza, na papo hapo mtoto wa nyumba hiyo hiyo akatumwa dukani kununua soda na biskuti. Kijitabu hiki kimeandikwa kumwomba mwenye nyumba aitazame upya riziki iliyo uani kwake, maana gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, ilhali chungwa, ambalo ndilo lisifiwalo zaidi, lina kiasi cha miligramu 50 tu katika uzani huo huo.

Vitamini hii mwili wa binadamu hauwezi kuiunda wenyewe wala kuiweka akiba kwa muda mrefu, na aikosaye kwa miezi hupatwa na kiseyeye, maradhi ya fizi kuvimba na kutoka damu na vidonda kukataa kufunga, ambayo zamani yaliwaangamiza mabaharia wengi. Mwaka 1747 tabibu wa Kiskoti, James Lind, aliwatenga wagonjwa 12 wa merikebu yake wawili wawili, kila jozi akaipa dawa mbali; na wale waliolishwa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu ya haraka kuliko wenzao wote.

Lakini faida ambayo ningependa kila mama aishike zaidi ni hii inayohusu damu. Madini ya chuma yaliyomo katika kunde, maharage na mchicha ni ya namna ambayo mwili huyapokea kwa shida, na vitamini C ikiliwa katika mlo ule ule huurahisishia mwili kazi hiyo. Chai nayo, ikinywewa pamoja na chakula, huizuia. Kwa hiyo wali na kunde ufuatwe na pera au chungwa, ndimu ikamuliwe sahanini baada ya chakula kuepuliwa, kwa kuwa moto huiharibu vitamini hii, na birika la chai lingoje saa moja au zaidi. Pera lenyewe lioshwe kwa maji safi, likatwe wakati wa kuliwa, na liliwe pamoja na ganda lake. Mja mzito asiache vidonge alivyopewa kliniki, kwani matunda huvisaidia wala hayashiki mahali pake.

Ama embe na papai, ile rangi yao ya manjano iliyokolea mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo ni nguzo ya macho na kinga ya mtoto dhidi ya maradhi. Mtoto aliyetimiza miezi 6 yafaa apewe papai bivu lililopondwa, pamoja na vyakula vyake vingine na maziwa ya mama. Na mtoto ajikwaaye kila jua linapokuchwa, hali wenzake wanaona, apelekwe zahanati bila ya kukawia, kwani huenda amepungukiwa na vitamini hiyo.

Tunda zima ni bora kuliko maji yake, kwa sababu nyuzinyuzi zake hulainisha choo na kupunguza kasi ya sukari kuingia damuni. Ubuyu una vitamini C kwa wingi, lakini ule uliopikwa kwa sukari na rangi usihesabiwe kuwa tunda. Mwenye kisukari naye hakunyimwa matunda. Ale kwa kiasi atakachoelekezwa na daktari wake.

Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu mzima ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kwa siku, na kiasi hicho hakihitaji utajiri. Mpapai huanza kuzaa katika muda wa mwaka mmoja hivi. Basi kila aliye na pembe tupu ya kiwanja na apande miche mitatu au minne masika yakianza, maana mingine huenda ikatoka madume, na iliyo majike itailisha nyumba.