Si kila kikohozi kisichokoma ni kifua kikuu: Yafahamu maradhi ya makovu ya mapafu

MAMA mmoja wa umri wa miaka 58 alinijia hapa Kiriaini asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati ukungu wa Aberdare hushuka hadi kwenye mashamba ya majani chai. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa yenye picha za eksirei za kifua. Kabla sijamuuliza lolote alisema: "Daktari, kifua kikuu changu kimerudi mara ya tatu."

Alikuwa amekwisha kumeza dawa za kifua kikuu vipindi viwili, miezi sita kila kipindi. Hata hivyo, nilipozipitia karatasi zake zote sikuona mahali palipoandikwa kwamba makohozi yake yalipatikana na viini vya ugonjwa huo. Alitibiwa kwa sababu eksirei ilikuwa na madoa na yeye alikuwa akikohoa. Kati ya vipindi hivyo viwili aliwahi kupewa dawa ya pumu, na sitaficha kwamba aliyemwandikia dawa hiyo ni mimi.

Safari hii nilimuuliza swali ambalo ningemuuliza tangu mwanzo: pumzi ilianza kumpungukia vipi? Alinieleza kwamba zamani alikuwa akibeba kikapu cha majani chai kutoka bondeni hadi kituo cha kununulia bila kusimama. Mwaka uliofuata akawa anasimama mara moja njiani. Sasa husimama mara nne, na kikapu hubebwa na mwanawe.

Pumu huja na kuondoka. Kifua kikuu kikitibiwa sawasawa, mgonjwa hupata nafuu. Lakini pumzi ya mama huyu ilikuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka bila kurudi. Nilipomsikiliza mgongoni, chini ya mapafu, nilisikia mlio mfano wa utepe wa kunata wa viatu vya watoto unapobanduliwa. Vilevile ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba na kucha kujipinda. Hapo nikajua kwamba tulikuwa tumepoteza wakati.

Ni maradhi gani haya?

Ndani ya mapafu ya mtu mzima mna vifuko vidogo vya hewa vipatavyo milioni 300 au zaidi. Kila kifuko kina ukuta mwembamba mno, na nje ya ukuta huo hupita mishipa midogo ya damu. Hewa safi ya oksijeni hupenya ukuta huo na kuingia kwenye damu, nayo hewa chafu hutoka upande wa pili.

Katika pumu, shida huwa kwenye mirija inayoleta hewa: mirija hubana. Katika maradhi tunayozungumzia leo mirija huweza kuwa wazi kabisa. Shida iko kwenye ukuta wenyewe na nyama inayoshikanisha vifuko. Nyama hiyo huvimba, na uvimbe ukidumu huacha makovu, kama vile kidonda cha mguuni kinavyoacha kovu gumu. Ukuta uliokuwa kama kitambaa chepesi huwa kama turubai. Oksijeni hupenya kwa taabu, na mapafu hukakamaa yasiweze kutanuka.

Mabingwa wa mapafu huhesabu aina zaidi ya 200 za maradhi haya. Baadhi hubaki kwenye uvimbe tu na huweza kutibika. Mengine hufikia makovu, na kovu likisha kuumbika halifutiki. Ndiyo sababu kila mwezi unaopotea una thamani.

Husababishwa na nini?

Vumbi la kazini. Mtu anayepasua au kuchonga mawe, kuchimba visima au kukata mawe kwa mashine huvuta vumbi laini lenye silika. Chembe zinazodhuru zaidi ni zile zisizoonekana kwa macho, maana ndizo zinazofika hadi kwenye vifuko vya hewa. Makovu yake huweza kujitokeza miaka 10 au 20 baadaye, hata kama mtu amekwisha kuacha kazi. Tena, mwenye mapafu yaliyoharibiwa na silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine, hivyo huweza kuwa na maradhi yote mawili kwa pamoja. Vumbi la asbesto nalo huacha makovu na huleta saratani. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu usimamizi wa taka ziliiweka asbesto miongoni mwa taka za hatari, lakini mabati ya zamani ya asbesto yangali juu ya baadhi ya majengo.

Nyasi zilizoota ukungu, na ndege. Mwaka 1932 daktari mmoja wa Uingereza, J. M. Campbell, alieleza habari za wakulima waliougua baada ya kushika nyasi kavu zilizoharibika kwa unyevu. Maradhi hayo baadaye yaliitwa pafu la mkulima. Mwili huyachukia mavumbi ya ukungu na vijidudu vilivyomo kwenye nyasi hizo. Saa nne hadi nane baada ya kuzishika, mtu hupata homa, baridi, kikohozi na kubanwa kifua. Kesho yake hupata nafuu, naye hudhani ilikuwa mafua au malaria. Jambo hilo likijirudia kwa miaka, makovu hutokea. Mavumbi ya manyoya na kinyesi cha njiwa, kasuku na kuku huweza kuleta madhara ya namna hiyohiyo.

Moshi wa jikoni. Mwaka 1991 madaktari Grobbelaar na Bateman waliandika katika jarida la Thorax habari za wanawake 25 wa mashambani huko Transkei, Afrika Kusini. Mapafu yao yalikuwa yameharibiwa na moshi wa kuni na vumbi la kusaga mahindi kwa mawe, ndani ya nyumba zisizopitisha hewa. Maradhi hayo yaliitwa pafu la kibanda. Karibu nasi zaidi, Majid Ezzati na Daniel Kammen walifanya utafiti Laikipia, uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2001. Walionyesha kwamba kadiri moshi wa jikoni unavyozidi, ndivyo maambukizi ya njia za hewa yanavyozidi. Moshi hauna huruma na mapafu.

Maradhi mengine ya mwili. Baridi yabisi inayovimbisha viungo vya vidole, ugonjwa wa ngozi kukakamaa, na mengine ambamo kinga ya mwili humshambulia mwenyewe, huweza kuingia mapafuni. Nimonia kali nayo huweza kuacha makovu, kama ilivyoonekana kwa baadhi ya waliougua Covid-19 sana kuanzia mwaka 2020.

Dawa. Nitrofurantoini ikitumiwa kwa muda mrefu kwa maambukizi ya mkojo, amiodaroni ya moyo, methotreksati ya viungo, bleomisini ya saratani, na hata miale ya kutibu saratani ya kifua, huweza kudhuru mapafu ya watu wachache. Usiache dawa yako kwa sababu ya kusoma makala haya. Ila ukianza kukohoa na kutweta ukiwa unaitumia, mwambie daktari mara moja.

Sababu isiyojulikana. Aina moja nzito huwapata hasa wenye umri wa zaidi ya miaka 60, wanaume zaidi ya wanawake, na wavutaji sigara zaidi ya wengine. Chanzo chake halisi hakijapatikana. Bila matibabu maalumu, wengi huishi kati ya miaka mitatu na mitano tangu ugonjwa ujulikane.

Humfanya nini mgonjwa?

Dalili ya kwanza aghalabu ni kutweta wakati wa kupanda mlima. Watu wa kwetu, tunaoishi kwenye miinuko na mabonde, hudhani ni uzee. Kisha hufuata kikohozi kikavu, uchovu na kupungua uzito. Baadaye mtu hutweta hata akioga au akivaa nguo.

Oksijeni ikipungua kwa muda mrefu, mishipa ya mapafuni hubana. Upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu nyingi, hatimaye huchoka, na miguu huvimba. Midomo huweza kugeuka rangi. Nimonia ya kawaida, ambayo mwenye mapafu mazima angeipona nyumbani, huweza kumwangusha mgonjwa huyu kwa siku chache. Hatari ya saratani ya mapafu nayo huongezeka katika baadhi ya aina. Wala tusisahau huzuni ya mtu aliyekuwa akilisha jamii yake na sasa hawezi kufika shambani.

Hupimwaje?

Kwanza, kifua kikuu lazima kichunguzwe, kwa maana bado ni kingi nchini mwetu na kinaambukiza. Toa makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, na upimwe virusi vya ukimwi pia. Ukipewa dawa za kifua kikuu usiziache kwa kuamua mwenyewe. Lakini ikiwa makohozi hayana viini, na dawa umezimaliza bila nafuu yoyote, uliza: "Daktari, huenda ni kitu kingine?" Hilo si kumkosea adabu daktari. Laiti mama yule angeniuliza mapema.

Eksirei ya kawaida huweza kuonekana safi ilhali ugonjwa upo. Picha inayoonyesha vizuri ni ya siti skani, ambayo hupatikana katika miji mikubwa kama Nyeri na Nairobi. Kuna pia kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine, vipimo vya damu, na kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Ni vyema mgonjwa apimwe kwa kidude hicho akiwa ameketi, kisha baada ya kutembea, maana akiwa ametulia huweza kuonekana mzima.

Hata hivyo, kipimo kisicho na gharama ni mazungumzo. Mweleze daktari kazi zote ulizofanya tangu ujana, mifugo uliyonayo, kuni unazotumia na dawa unazomeza.

Hutibiwaje?

Tiba hufuata chanzo. Kama chanzo ni nyasi, ndege, vumbi au dawa, hatua ya kwanza ni kujitenga nacho. Bila hivyo dawa hazitafaa. Penye uvimbe, daktari bingwa huweza kutoa prednisoloni au dawa nyingine za kutuliza kinga ya mwili.

Lakini dawa hizo hazifai kila aina. Mwaka 2012 utafiti wa Marekani uliochapishwa katika New England Journal of Medicine ulionyesha jambo zito. Wagonjwa wa ile aina isiyo na chanzo waliopewa prednisoni pamoja na azathioprini na asetilisisteini walikufa na kulazwa hospitalini zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo, usinunue prednisoloni dukani eti kwa sababu ilimsaidia jirani. Kwa aina hiyo kuna pirfenidoni na nintedanibu, dawa zinazopunguza mwendo wa makovu bila kuyafuta. Bei yake ni ghali kwa wengi wetu.

Oksijeni ya nyumbani, mazoezi mepesi ya kila siku, kuacha sigara, na chanjo za mafua na za nimonia husaidia mgonjwa wa aina yoyote.

Kinga

Hapa ndipo tulipo na nguvu zaidi.

1. Anika nyasi zikauke kabisa kabla ya kuzifunga marobota, na uziweke mahali pakavu penye hewa. Robota lililoota ukungu usilitikise ndani ya chumba.

2. Usilaze kuku ndani ya nyumba unamolala. Unapofagia banda, nyunyiza maji kwanza na ufunike pua kwa barakoa nzuri.

3. Jenga dohani jikoni, tumia kuni kavu, fungua madirisha. Mwenye uwezo wa gesi aitumie.

4. Mchonga mawe alowanishe jiwe kabla ya kulikata. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini. Barakoa ya aina ya N95 ni bora zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo inahusu pia maradhi yatokanayo na kazi. Mfanyakazi ana haki ya kudai.

5. Mabati ya asbesto usiyavunje wala kuyakata mwenyewe.

Na yule mama je? Siti skani ilionyesha uvimbe pamoja na makovu. Tulipozungumza kwa kirefu tuligundua kwamba marobota ya nyasi za ng'ombe wake yalihifadhiwa kwenye chumba kilichoungana na jiko, nayo huota ukungu kila msimu wa mvua. Ni yeye aliyekuwa akiyafungua kila jioni, na usiku alipata homa. Sasa nyasi zimehamishwa, na mwanawe ndiye anayelisha ng'ombe akiwa amevaa barakoa. Daktari bingwa alimpa dawa, na kikohozi kimepungua sana.

Lakini bado husimama mara mbili akipanda kutoka bondeni. Pumzi iliyochukuliwa na makovu haitarudi. Angegunduliwa miaka mitatu mapema, pengine angekuwa bado anabeba kikapu chake mwenyewe. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukikohoa zaidi ya wiki mbili nenda ukapimwe. Na ukitibiwa usipone, rudi ukaulize tena. Kinga ni bora kuliko tiba, na tiba ya mapema ni bora kuliko ya kuchelewa.