Kutenganisha wekundu wa mawese kwa safu ya silika

Hapa Kalundu, bandarini kando ya ziwa, mawese hununuliwa kwa macho. Mnunuzi anafungua bidoni, anatazama wekundu, ananusa, ndipo bei inaanza kubishaniwa. Mimi nafundisha kemia, na wekundu huohuo ndio ninaowaonyeshea wanafunzi kromatografia ya safu, kwa sababu unatengana na mafuta mbele ya macho yao. Wekundu huo ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Njia hii ina zaidi ya miaka mia moja. Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, aliieleza Warsaw mwaka 1903, akitenganisha rangi za majani kwa bomba la kioo lililojaa unga mkavu. Kisha ikasahaulika karibu kabisa, hadi 1931 Richard Kuhn na Edgar Lederer walipoitumia Heidelberg kuonyesha kwamba karotini si kitu kimoja: kuna alfa na kuna beta. Mawese yana zote mbili kwa wingi.

Utahitaji bureti ya kioo ya mililita 50, pamba, mchanga safi, silika jeli ya unga, hekseni na asetoni kidogo. Silika ya punje kubwa inayowekwa kwenye maboksi ya viatu haifai. Tafuta ya safu, yenye chembe za milimita 0.063 hadi 0.200. Hewa ya ziwani ina unyevu, na silika iliyokunywa maji haishiki vitu vizuri. Kwa hiyo ikaushe kwanza kwenye oveni kwa nyuzi 110, uiache ipoe chomboni kilichofunikwa. Vaa barakoa unapoipima, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Hekseni nayo hushika moto upesi, na mvuke wake hutambaa chini kwa chini: fanyia kazi mahali penye upepo, pasiwe na jiko la makaa wala sigara karibu.

Sasa kujaza safu, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Sukuma pamba kidogo hadi chini kwa waya mrefu, bila kuishindilia, la sivyo hekseni itakataa kupita. Juu yake weka mchanga kama sentimita moja. Mchanga wa ufukweni kwetu unatosha, mradi umeuosha mpaka maji yatoke bila tope na kuukausha. Usimwage silika kavu ndani ya bureti. Koroga gramu 7 hivi kwenye hekseni ndani ya bilauri mpaka iwe uji mwepesi, kisha umimine mara moja kwa faneli huku bomba la chini likiwa wazi. Gongagonga ubavu wa bureti kwa kipande cha mpira: mapovu yatapanda, silika italala sawasawa, na utapata kimo cha sentimita 15 hivi. Malizia kwa mchanga kidogo juu.

Kuanzia hapo hekseni isishuke kamwe chini ya uso wa silika. Ikishuka, hewa inaingia, safu inapasuka, na rangi itapita kwenye nyufa badala ya kushuka kwa usawa. Safu iliyopasuka haitengenezeki. Imwage ujaze upya.

Yeyusha matone matatu ya mawese kwenye mililita moja ya hekseni. Ukizidisha, mafuta yatafuata karotini mpaka chini. Teremsha hekseni ya safu hadi iguse mchanga wa juu, funga, kisha tiririsha mawese polepole ukutani mwa kioo. Fungua yaingie, suuza ukuta kwa hekseni kidogo, ndipo ujaze juu.

Mkanda wa rangi ya chungwa utaanza kushuka. Karotini ina kaboni na hidrojeni tu, kwa hiyo silika haina pa kuikamata. Mafuta yana oksijeni, nayo silika huing'ang'ania. Ni kama abiria wanaoshuka bandarini: asiye na mzigo anapita, mwenye magunia anasimamishwa na forodha. Pokea mililita tano tano kwenye mirija ya majaribio, na ile yenye rangi uifunge kwa karatasi ya alumini, kwani mwanga huiharibu karotini.

Rangi ikishatoka, badili kiyeyushi: sehemu tisa za hekseni kwa moja ya asetoni. Sasa mafuta yanatoka, ila hayaonekani. Tone moja kwenye karatasi litayafichua: hekseni ikikauka, doa la mafuta linabaki.

Jaribio ninalolipenda zaidi linakuja baada ya hapo. Wapo wanaoyaacha mawese motoni mpaka yawe meupe ndipo wakaange ndagala, yaani dagaa. Chukua matone matatu ya mawese hayo, uyapitishe kwenye safu mpya kandokando ya yale mabichi. Doa la mafuta kwenye karatasi litakuwa lilelile. Mkanda wa chungwa utakuwa hafifu, au hautakuwepo kabisa, na kila mwanafunzi ataona kilichopotea kabla hujasema neno kuhusu vitamini A.

Hekseni iliyotumika ikusanye kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Isimwagwe mtaroni, maana mitaro yetu inaishia ziwani.