SOMO LA AFYA: Kunyoa bila kujikata, na wembe mmoja kwa mtu mmoja

Hapa kambini wanaume wengi hunyoa ndevu nyumbani. Wembe unaotumika ni uleule mwembamba wenye makali pande mbili, unaouzwa ukiwa umefungwa kwa karatasi. Wengine huushika kwa vidole tu, wengine huubana kwenye kijiti. Wenye bahati wanayo mashine ya mkono, ile ya chuma ya kufungua na kuweka wembe. Somo hili ni juu ya mashine hiyo. Ikitumiwa vizuri haikati. Anayejikata kila mara anyoapo, mara nyingi ni kwa sababu anakandamiza, ana haraka, au wembe umekwisha makali.

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Ina mpini, kitako chenye ukingo au meno, na kifuniko cha juu. Ukikaza mpini, kifuniko huukunja wembe kidogo na makali huchungulia pande zote mbili. Ule ukingo ndio unaolinda ngozi. Kabla ya kuanza, tazama kama makali yamechungulia sawasawa. Upande mmoja ukitokeza zaidi, legeza, panga upya, kaza tena, ukishika wembe kwenye ncha fupi zisizo na makali. Mashine za namna hii zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1903 na umbo lake halijabadilika sana, kwa hiyo hata ya mtumba inafaa kama ukingo haukupinda. Ila ichemshe kwanza.

Maji hayahitajiki mengi, kikombe kimoja kinatosha. Lowesha ndevu dakika mbili au tatu, kwa maji ya vuguvugu kama yapo, au nyoa mara baada ya kuoga. Unywele mkavu ni mgumu na huuvuta wembe, uliolowa hulainika. Paka povu la sabuni, hata ya kufulia, lakini liwe jingi. Usinyoe mahali palipokauka povu.

Sasa mkono. Weka kifuniko kilale shavuni, kisha shusha mpini polepole mpaka uhisi makali yamegusa ndevu. Hapo ndipo penyewe. Shika mpini kwa vidole bila kukaza na uache uzito wa mashine ufanye kazi. Vuta kipande kifupi, kama upana wa vidole viwili, suuza, vuta tena. Usiisogeze mashine kwa ubavu hata kidogo, maana hapo makali hukata ngozi kama kisu kinavyokata nyama. Kidevuni na kwenye taya, ambako mfupa uko karibu, vuta vipande vifupi zaidi.

Sisi wenye nywele za kipilipili tuna jambo letu. Papasa ndevu kwa vidole ujue zinalala upande gani. Za shingoni mara nyingi huota kuelekea juu au pembeni, si kama za shavuni. Nyoa kufuata zinavyolala. Ukinyoa kinyume, au ukivuta ngozi ikakaza kama ya ngoma, unywele hukatikia ndani. Ukianza kuota tena hujikunja na kuichoma ngozi, ndipo vile vipele vinatokea. Safari ijayo wembe unavikata vipele, damu inatoka, na mtu analaumu sabuni. Vikiwa vingi, pumzika kunyoa majuma kadhaa.

Ukijikata, osha kwa sabuni na maji, kandamiza kitambaa safi dakika tano bila kuchungulia. Usipake majivu, udongo, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi, na wewe unavifungulia mlango.

Mlango huo ndio sababu hasa ya somo hili. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, katika damu iliyokauka ambayo hata huioni. VVU havidumu hivyo, lakini wembe wenye damu mbichi ukimkata wa pili mara moja, hatari ipo. Mama huketisha watoto watatu na kuwanyoa vichwa kwa wembe mmoja. Na katika koo zetu nyingi, msiba ukiisha, watu hunyolewa siku moja, wembe ukipita kutoka kichwa hadi kichwa. Wazee wetu, hatusemi mila iachwe. Tunaomba kila kichwa kipate wembe wake. Tunajua asiye na kibarua hana hela ya nyembe kumi. Basi punguzeni nywele kwa mkasi bila kugusa ngozi. Ikishindikana kabisa, wembe uoshwe kwa sabuni, uchemshwe dakika 20 maji yakitokota, ndipo mwingine atumie. Kuni ni shida, hilo nalo tunalijua, lakini nyembe kadhaa huchemka katika sufuria moja.

Kwa kinyozi, nenda na wembe wako. Mwambie kwa upole, “Fundi, nimekuja na wangu,” naye hatachukia. Vinyozi wanaotumia nusu wembe wauvunje ukiwa bado ndani ya karatasi, wasijikate vidole. Mpini uoshwe kwa sabuni, kisha uloweshwe dakika 10 katika jiki: ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji.

Aliyekatwa kwa wembe wenye damu ya mwingine aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora.

Wembe wako ukianza kuvuta ndevu badala ya kukata, umekwisha. Usiutupe uani wala jalalani, watoto wanatembea pekupeku. Toboa kifuniko cha kopo la maziwa tundu jembamba na utumbukize humo. Kopo likijaa, funga tundu na ulitupe ndani ya choo cha shimo.