Somo la Afya: Sindano ya Ganzi Mgongoni



Mara nyingi tumesikia akina mama wakisema, "Mimi sitaki sindano ya mgongo, ati itanipoozesha." Wengine nao hukaa nyumbani na shida kubwa kwa kuwa majirani wamewaambia ni kawaida tu. Yote mawili ni hatari. Basi tujifunze pamoja.

Ganzi hufanyaje kazi?
Mishipa ya fahamu hupeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Dawa ya ganzi huzifungia njia habari hizo kwa muda. Ikidungwa mgongoni, mwili hufa ganzi kuanzia tumboni kwenda chini. Mama anayepasuliwa ili ajifungue hubaki macho, na humsikia mtoto wake akilia. Baada ya saa chache miguu huamka. Kupooza kabisa hutokea kwa nadra sana.

Njia hii si ya jana. Daktari August Bier wa Ujerumani aliitumia mwaka 1898, tena akakubali kudungwa yeye mwenyewe. Kumbe kichwa kilimuuma siku kadhaa!

Shida ambazo kwa kawaida hupona
Kichwa huweza kuuma ukiketi au kusimama, na kupoa ukilala. Hii ni kwa sababu maji yanayozunguka uti wa mgongo huvuja pale sindano ilipopita. Mara nyingi huanza katika siku 3 za kwanza. Yakizidi, rudi hospitali, tiba ipo. Wengine huumwa na makalio na mapaja kwa siku chache.

Sema mara moja
Unapodungwa ganzi mahali popote, ukisikia ladha ya chuma mdomoni, midomo ikifa ganzi, au masikio yakivuma, usinyamaze. Pengine dawa imeingia kwa wingi kwenye damu, na inaweza kuleta degedege. Dalili ya mvua ni mawingu.

Rudi hospitali bila kukawia ikiwa:
1. Miguu haijaamka kwa muda ulioambiwa, au iliamka kisha ikalegea tena.
2. Mkojo hautoki, au mkojo na choo vinatoka bila kujua.
3. Una homa, na shingo imekakamaa.
4. Mgongo unauma vikali na maumivu yanazidi.

Hapa saa ni mali. Damu au usaha ukikusanyika na kubana uti wa mgongo, kuchelewa kunaweza kumwacha mtu kilema, lakini akitibiwa mapema anaweza kupona.

Mjadiliane kikundini
1. Ni maneno gani ya kutisha tumesikia kuhusu sindano hii? Lipi ni kweli?
2. Nani atamtembelea mama aliyepasuliwa katika juma la kwanza na kumwuliza dalili hizi nne?
3. Akihitaji gari usiku, je, kikundi kina akiba ya dharura? Nani anaishika?

Msiondoke kabla ya kujibu swali la tatu.