Nauli ya Shehena Isiyotiwa Kontenani

Swali: Mzigo wangu hauingii kontenani, na wakala wa meli aniambia kuwa nauli yake ni kwa tani au kwa mita. Maana yake nini?

Jibu: Chombo cha baharini kina mipaka miwili, nayo ndiyo asili ya hisabu yote: kuna uzito ambao ukizidishwa chombo hudidimia kupita alama yake, na kuna nafasi ya falkani ambayo ikijaa haipokei tena hata gunia moja, ijapokuwa chombo kingali chepesi. Kwa sababu hiyo mzigo hupimwa kwa njia zote mbili, uzito kwa tani ya kilo 1,000 na ujazo kwa mita ya ujazo, kisha hushikwa hesabu iliyo kubwa na kuzidishwa kwa nauli. Nondo za chuma tani 20 huchukua nafasi haba, basi hulipiwa tani 20. Lakini sanduku la mtambo lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5 lina mita za ujazo 12, na hata likiwa na tani 5 tu, hulipiwa 12. Tuseme kwa mfano nauli ni dola 60: utatoa dola 720, wala si 300.

Swali: Vipimo huchukuliwa ndani ya mzigo au nje?

Jibu: Nje, tena pale palipochomoza kuliko pote, na hapa ndipo wenye mali wengi hupata hasara isiyo ya lazima. Trekta lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.75 hadi ncha ya bomba la moshi huhesabiwa mita za ujazo 22, kana kwamba hewa yote iliyolizunguka bomba lile ni chuma. Lifungue bomba, ulilaze kando ya injini, kimo kishuke hadi mita 2.25, nawe utalipia 18. Nawasihi wasomaji wapime wenyewe kabla ya mzigo kufika gatini, kwani hati ya shehena ikishatolewa, kusahihisha kipimo ni kazi nzito.

Swali: Na mazao yetu?

Jibu: Tazama mkonge wa Tanga. Singa zake zikiachwa huru zingejaza falka na kulipa nauli kubwa kwa uzito mdogo. Ndiyo maana hushindiliwa kwa mashine hata zikawa robota za kilo 250, nne kwa tani. Ama boriti za mikoko zilizokwenda Arabuni kwa majahazi, hizo zilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mifugo hulipiwa kwa kichwa, na vitu vya thamani kubwa kwa asilimia ya thamani yake.

Swali: Je, kupakia na kupakua kumo ndani ya nauli?

Jibu: Hilo liulizwe kabla ya jingine lolote. Katika meli za safari za ratiba, aghalabu mwenye meli hubeba gharama hizo. Katika meli ya kukodi, mara nyingi mkataba humwachia mwenye mali ujira wa makuli wa bandari zote mbili, na pale meli inapotia nanga mbali na gati, ilivyokuwa desturi ya Tanga kwa miaka mingi, pana gharama ya matishali pia. Nauli iliyo rahisi kwa macho yaweza kuwa ghali kuliko zote. Uliza vilevile nyongeza za mafuta, za msongamano wa bandari, na za kipande kizito au kirefu kupita kiasi.

Swali: Nikiagiza nafasi ya tani 100 kisha nikaleta 70?

Jibu: Mwenye meli aweza kudai nauli ya zile 30 zilizokosekana, ila hana budi kutoa humo gharama alizoepuka, pamoja na nauli ya mzigo mwingine alioupata kujaza nafasi ile.