Programu ya duka lako huweka wapi rekodi?

Unapokea malipo kwa till yetu na kuyaingiza kwenye kompyuta ya duka, hata intaneti ikipotea. Inawezekanaje? Programu nyingi za aina hii hubeba hifadhidata ndani yake, kwa mfano SQLite, iliyotoka mwaka 2000. Hakuna seva: mauzo, madeni na namba za simu za wateja, vyote viko kwenye faili moja. Faili hiyo hiyo inasomeka kwa Windows, Mac au Linux, so kuhama kompyuta si kazi kubwa. Lakini hata mwizi anaisoma. SQLite ya kawaida haina nywila. PIN yako isiandikwe humo kabisa!

Jioni, funga programu kwanza ndipo unakili faili kwenye flashi. Ukinakili mauzo yakiendelea, nakala inaweza kutoka mbovu. Flashi nayo isilale kwa begi moja na kompyuta.