Meno bandia: ya kompyuta au ya mkono?

Daktari, niko Sirari, nimeng'olewa magego. Nasikia siku hizi kuna meno bandia ya kutoa na kuweka yanayotengenezwa kwa kompyuta. Yana tofauti gani na tuliyozoea?

Kwa njia ya zamani kijiko cha vipimo chenye ute laini kinabanwa kwenye meno yako, ute unaganda, kisha fundi anamimina plasta kupata umbo la taya lako. Anachonga nta juu yake, na mahali pa nta panaingia akriliki au, kwa mwenye uwezo, aloi ya kobalti na kromiamu. Kwa njia mpya skana inapitishwa juu ya meno, fundi anachora fremu kwenye skrini, kisha printa inajenga resini tabaka kwa tabaka au leza inayeyusha unga wa chuma. Hata hapo, meno yenyewe mara nyingi hupangwa kwa mkono.

Basi ya kompyuta ndiyo yanakaa vizuri zaidi?

Wauza mashine watakuambia hivyo. Mimi huangalia pengo kwanza. Likiwa na meno imara pande zote mbili, skana inatosha kabisa, na anayetapika kwa ule ute ataishukuru. Lakini kama magego ya mwisho hayapo, bandia inakalia ufizi, na ufizi hubonyea. Skana inauona umetulia. Haijui utakavyobonyea ukitafuna nyama ya kuchoma. Hapo bado nachukua vipimo kwa mkono.

Baba yangu ni Mjaluo wa Rorya. Aling'olewa meno sita ya mbele ya chini kwa mila, sasa anayataka.

Inawezekana, ila pengo la miaka mingi halibaki lilivyokuwa: meno jirani huinama, ya juu hushuka. Mzee apimwe kwanza. Vishikio viende nyuma vya kutosha, la sivyo akiuma muwa kwa mbele, bandia itainuka nyuma. Na matamshi yatamsumbua mwanzoni. Avae saa chache kwa siku, aongeze taratibu.

Yakivunjika?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kulipa, iwe Tarime, Mwanza au ng'ambo ya mpaka, Isebania. Akriliki fundi huiunga kwa unga na maji yake, pengine siku hiyo hiyo. Resini nyingine za printa hazishiki kiraka vizuri. Faida ya printa ni faili: bandia ikipotea, na mdomo haujabadilika, inachapishwa nyingine bila vipimo vipya. Omba nakala yako.

Naweza kulala nayo?

Hapana. Itoe, isugue kwa sabuni na brashi laini, iweke kwenye maji ya kawaida. Ya moto huipinda. Bandia ndogo humezwa usingizini, na akriliki isiyo na chuma kwa kawaida haionekani kwenye eksirei. Ukiamka huioni na koo linauma, nenda hospitali ukawaambie wazi kwamba huenda umeimeza.